Nadharia ya siasa kama maina: soma hivi usije ukasapu (kurudia mtihani)

Wengi wanaoingia nadharia ya siasa kama somo la pembeni (maina) huwa na sababu mbili, ama ratiba imegoma kozi zingine zote, ama kuna kaka mmoja wa hosteli kawaambia "ile ni kozi ya kupiga stori tu". Mimi nilikuwa mtu wa uchumi na niliingia kwa hiyo ya pili. Esei ya kwanza nikapata 9 kati ya 20. Nilijaza kurasa sita za Plato, kazaliwa wapi, kafundishwa na nani, pango, wafalme wanafalsafa, yaani sikuacha kitu, mwalimu akaandika chini kwa wino mwekundu: "Sawa. Kwa hiyo?"

Sasa tuanze na kusajili. Usiangalie jina la kozi, mtafute aliyeisoma mwaka jana umuulize koswek (maksi za kazi za muhula) inapatikanaje. Vyuo vyetu vingi ni 40 kwa 60, yaani 40 za koswek na 60 za mtihani wa mwisho, na kama hizo 40 ni esei mbili na prezentesheni basi ujue zitadondoka wiki ile ile ya testi za meja yako (somo lako kuu), hilo halikwepeki, kwa hiyo esei ya kwanza ianze mapema. Na kama kuna kozi ya utangulizi anza nayo. Ukirukia nadharia za kisasa kwa sababu jina limekaa vizuri, utamkuta mwanafalsafa Rawls wa 1971 anabishana na watu wa karne ya 19 ambao wewe hata hujawahi kuwasikia.

Halafu madesa, yaani zile noti za kurithishana. Desa siyo dhambi, mimi nimeyatoa kopi mengi tu, shida yake ni kwamba linakupa jibu bila sababu, na hii kozi maksi ziko kwenye sababu. Lakini pia usijidanganye kwamba utasoma vitabu vizima, maina haina huo muda. Chagua sura moja, isome taratibu. Mfano kitabu cha Leviathan cha Hobbes, 1651, usiogope unene wake, nenda sura ya 13 peke yake, ni kurasa chache. Kaa na penseli na kila anapodai kitu andika pembeni "kwa nini?".

Anadai binadamu wako sawa. Kwa nini? Ungetegemea aseme Mungu katuumba sawa, wapi, anasema hata mnyonge kabisa anaweza kumuua mwenye nguvu, kwa hila au kwa kuungana na wenzake. Haya, kama tuko sawa basi kila mtu ana matumaini sawa ya kupata anachotaka, na tukikitaka wawili kitu ambacho hatuwezi kukitumia wote tunakuwa maadui, na mimi nikijua unaweza kunivamia usiku naona bora nikuwahi mchana. Vita imeshaanza hapo na hakuna hata mmoja aliyehitaji kuwa mtu mbaya! Nilicheka peke yangu laibrari, maana ule mfano wa wafungwa wawili tuliofundishwa kwenye uchumi, kila mmoja anamsaliti mwenzake kwa kuogopa kusalitiwa, ni huu huu, mzee kauwahi miaka 300. Ndiyo maana nakwambia ingia na meja yako mfukoni. Wewe wa sheria, wewe wa ualimu, utaona vitu ambavyo wale wa siasa wenyewe wanavipita.

Ukimaliza mtafutie Hobbes mtu wa kubishana naye, na hapa nyumbani wapo. Nyerere kwenye kijitabu chake cha Ujamaa cha 1962 anaanzia pengine kabisa. Kwa Hobbes mtu yuko peke yake anamwogopa jirani, kwa Nyerere mtu kazaliwa ndani ya familia tayari, jamii inamlinda na yeye anadaiwa kazi, na humo ndimo anapoleta ule msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Halafu soma Issa Shivji wa miaka ya sabini, msomi wa Mlimani pale pale (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), anakuuliza sasa jembe kashika nani na nani kashika dola, maana anaona wakubwa wa serikali na mashirika ya umma wamekuwa tabaka lenyewe. Hao watatu ukiwapanga vizuri umepata esei, na siyo esei ya kukariri.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia: ukimaliza aya ngumu, iandike upya kwa Kiswahili kwenye daftari. Siyo kwa uzalendo, ni kipimo. Ukishindwa, hukuielewa, ulikuwa unaipenda sauti yake tu. Na utagundua mambo, mfano sisi neno "haki" linabeba haki yangu ya kupiga kura na pia haki inayotendeka mahakamani, Wazungu hapo wana maneno mawili tofauti. "Uhuru" nao ni wa nchi na wa mtu binafsi humo humo. Ukiwa mvivu unachanganya, ukiwa macho unapata hoja ya kuuliza semina nzima ikanyamaza.

Kuandika sasa. Sentensi ya kwanza ya esei iwe ni dai ambalo mtu mwenye akili anaweza kulikataa. "Hobbes alikuwa mwanafalsafa wa Uingereza" hakuna wa kukataa, kwa hiyo ifute. Kisha toa sababu, kisha mlete mpinzani wako akiwa na nguvu zake zote, usimlete mgonjwa ili umpige kirahisi, ndipo umjibu. Wasifu wa mtu weka pale tu unapobeba hoja, kama kwamba Hobbes aliandika huku Uingereza imetoka kuchinjana vitani, hapo inasaidia.

Disikasheni chukua watu watatu wanne, zaidi ya hapo ni kijiwe. Kila mmoja apewe mwanafikra wa kumtetea hata kama hampendi.

UE, yaani mtihani wa mwisho, ikifika, dakika kumi za kwanza usiandike jibu lolote kwenye buku la majibu, soma maswali yote na kwa kila unalotaka kujibu andika nyuma dai lako kwa mstari mmoja. Swali ambalo huna huo mstari liache, hata kama desa lake ulilimeza lote.