Kuongeza taa na swichi: jua kwanza moto unapita wapi

Naandika somo hili kwa sababu swali ni lile lile: "Nimevuta waya kwenye swichi ya sebuleni, mbona taa mpya ya barazani inafifia?" Taa haina kosa. Soma mpaka mwisho ndipo uulize.

Nyumba nyingi za Kigoma, Ujiji hadi Gungu, taa zina laini yake: breka ya ampea 6 au 10, waya wa milimita 1.5 za mraba. Soketi zina breka yake na waya wa 2.5. Moto, yaani waya unaoleta umeme, hutoka kwenye breka, hupita swichini, ndipo hupanda kwenye taa. Nyutro, waya wa kuurudisha umeme, haipiti swichini, huenda kwenye taa moja kwa moja.

1. Zima breka ya taa.

2. Pima. Ijaribu tesita (bisibisi ya kupimia umeme) kwenye soketi yenye moto, pima waya za taa, kisha rudia soketi. Tesita mbovu nayo haiwaki. Ukishahakikisha, zima meni swichi.

3. Chora kila waya ulivyofungwa kabla ya kufungua skrubu.

4. Tafuta moto wa kudumu (usiokatwa na swichi) na nyutro. Hapa ndipo wengi huharibu, na mimi niliwahi kuharibu. Kwenye boksi la swichi mara nyingi kuna waya mbili tu: moto unaoingia, na moto unaokwenda kwenye taa. Nyutro haipo! Ukifunga taa mpya kwenye hizo mbili, ukizima swichi umeme unapita taa mpya kisha ya zamani, zote hafifu. Ukiwasha, mpya inazimika.

Basi panda kwenye boksi la maungio darini. Usiamini rangi. Kahawia au nyekundu ni moto, bluu au nyeusi ni nyutro, lakini waya mweusi ulioshuka swichini unarudi na moto. Ukiuunga na nyutro, ukibonyeza swichi tu ni shoti na breka inajikata. Toa balbu, tenganisha waya, weka mita kwenye mlio (hulia waya mbili zikiwa zimeungana): jozi inayolia swichi ikiwashwa na kunyamaza ikizimwa ndiyo ya swichi. Uzungushie mweusi huo tepu nyekundu. Huna mita? Ishia hapo, ita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

5. Moto wa kudumu uende swichi mpya, urudi kwenye taa. Nyutro na ethi (waya wa usalama uendao ardhini) ziende kwenye taa. Unga kwa konekta, si kusokota na tepu. Holda ya skrubu: moto ncha ya katikati, nyutro kwenye nyuzi.

6. Funika, washa.

MASWALI

— Mkuu fupisha, waya upi na upi?
Hatua ya 4. Siwezi kuona ukuta wako kutoka hapa.

— Breka ya taa inajikata nikichomeka pasi, nimeweka ya 20. Iko sawa?
Hapana. Irudishe leo. Breka inalinda waya, na waya huo unaweza kuungua ndani ya paipu kabla ya breka ya 20 kujikata. Pasi ni ya soketi.

— Nikizima, balbu ya LED inabaki na kamwanga kadogo. Kwa nini?
Swali zuri sana, dada. Mara nyingi swichi inakata nyutro badala ya moto. Swichi ikiwa imezimwa, gusa holda kwa tesita: ikiwaka, moto unabaki pale hata unapobadili balbu, na huo ndio hatari. Angalia pia kama swichi ina kitaa chake kidogo. Kinapitisha umeme kidogo unaotosha LED.

— Korido yangu ndefu, nataka kuwasha huku na kuzima kule.
Nunua swichi mbili za njia mbili. Moto uingie mguu wa pamoja (COM) wa ya kwanza, waya mbili ziunganishe miguu miwili iliyobaki ya kila swichi, mguu wa pamoja wa ya pili upeleke moto kwenye taa.

— Taa ya nje inajaa kumbikumbi mvua zikianza.
Chagua yenye kioo kilichofungwa na mpira, balbu ya mwanga wa njano. Nyeupe inawavuta zaidi. Waya uingilie chini, si juu, maji yasifuate waya hadi ndani.