Karatasi ya kung'aa au bondi? Somo kwa wanaochapisha kadi, vyeti na kalenda

Wakuu, somo hili limetokana na kadi 200 za mchango wa harusi ya mdogo wangu. Nilitaka karatasi ya kung'aa mbele na nyuma, maana picha ya maharusi ilitoka imekolea kweli. Tulipokaa kuandika majina ya wachangiaji, kalamu ikateleza, wino ukagoma kukauka, na mjomba akapelekewa kadi ambayo jina lake ni doa la bluu lenye alama ya dole gumba. Mchapaji hana kosa, alinipa nilichoomba.

Karatasi ya kung'aa, ile wachapaji wanayoiita ati pepa, imepakwa unga wa madini (udongo mweupe au mawe ya chokaa) uliochanganywa na gundi, kisha ikabanwa kwa rola. Unga huo unaziba vitundu, wino unabaki juu, rangi zinakolea. Bondi, kama ile ya fotokopi, haijapakwa. Inafyonza wino, kwa hiyo rangi hupoa kidogo. Halafu ipo mati: imepakwa lakini haing'ai. Hiyo ndiyo inayowaponza wengi, wanaidhania bondi.

Hatua ya 1: Jiulize mkono utaifanyia nini. Kama itaandikwa au kugongwa muhuri, chukua bondi: fomu, risiti, barua. Vyeti ndiyo usicheze navyo kabisa, wino wa muhuri juu ya ati pepa unaweza kupakaa mpaka kwenye saini ya mkuu wa shule. Ya kutazamwa tu, kama bango, brosha au jalada, chukua iliyopakwa.

Hatua ya 2: Omba kipande ukijaribu. Andika kwa kalamu ya bei rahisi, maana ndiyo watakayoitumia watu, hesabu mpaka kumi, pitisha kidole. Ukiitilia shaka mati, isugue kwa pete ya fedha. Iliyopakwa hubaki na mstari wa kijivu.

Hatua ya 3: Taja gramu. Ni uzito wa mita moja ya mraba. A4 16 zinafanya mita hiyo, kwa hiyo A4 moja ya gramu 80 ina gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ina kilo 2.5. Ipeleke kwenye mizani. Ikisoma kilo 2.2 umeuziwa gramu 70. Barua 80 hadi 100, brosha 130 hadi 150, kadi 250 hadi 300. Gramu zikilingana, iliyopakwa huwa nyembamba zaidi kuliko bondi, msishangae.

Hatua ya 4: Faili la kuchapwa kwenye bondi lipunguzwe giza kwenye picha. Herufi nyembamba nyeupe juu ya rangi nzito humezwa na wino.

MASWALI

Mkuu, nataka kadi ipendeze nje na iandikike ndani. Inawezekana?
Ndiyo. Omba kadi iliyopakwa upande mmoja tu. Wakiipiga laminesheni (ile plastiki nyembamba ya juu), iwe upande wa nje peke yake. Ningelijua hili mapema, mjomba asingeninunia.

Printa yangu ya wino inachafua ati pepa. Nibadilishe wino?
Hapana, karatasi ndiyo shida. Ati pepa ya kawaida ni ya ofseti, zile mashine kubwa za wachapaji, na ipo ya printa za leza. Wino wako wa maji hauna pa kuingia. Tafuta paketi iliyoandikwa kuwa ni ya inkijeti, yaani printa ya wino kama yako.

Shikamoo. Niko Tanga, kalenda zangu ziligandana stoo.
Marahaba. Ni unyevu. Ati pepa ikilowa, ule mpako hulainika, na kurasa zikikaukia pamoja ndiyo basi tena, ukizibandua zinachanika. Zifunge kwa nailoni na uziweke juu ya mbao, zisiguse sakafu. Na kama wateja wako wanaandika siku za kikoba na kliniki kwenye kalenda, safari ijayo chapa jalada kwa ati pepa, miezi kwa bondi.