Kujifunza breki ya mbele ya pikipiki: hatua nilizompitisha mpwa wangu

Mpwa wangu alipata pikipiki mwezi Machi, wiki ya tatu akaanguka. Hakugongwa na mtu. Daladala ilisimama ghafla mbele yake maeneo ya Kimara, mvua ndiyo kwanza inaanza, naye akakanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zote. Tairi likajifunga, mkia ukamtoka, akalala kwenye lami pamoja na chombo. Namshukuru Mungu alipona na michubuko ya goti na kiwiko. Nilipomuuliza kwa nini hakushika ya mbele, akanijibu: "Mjomba, kijiweni wanasema ya mbele inapindua mtu."

Nimeendesha bodaboda Dar es Salaam miaka 11 na maneno hayo nimeyasikia tangu siku ya kwanza. Yameumiza vijana wengi. Niliyomfundisha ndiyo haya. Kuwasha, kupangua gia na kuachia klachi sitaeleza.

Hatua ya 1: Kofia

Nunua mpya, ikubane mashavu. Funga ukanda, kisha isukume kwa nyuma kuelekea mbele. Ikitoka kichwani, hiyo si saizi yako. Tafuta alama ya ECE 22.05 au 22.06, hicho ni kiwango cha usalama wa kofia. Utafiti uliokusanya ajali za nchi nyingi ulionyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Isiyofungwa ukanda huruka kabla kichwa hakijafika chini. Ya mtumba sikushauri hata kidogo, kwa sababu povu la ndani likishapokea kipigo kimoja hubonyea na halirudi, na kwa nje huwezi kuliona.

Hatua ya 2: Ukaguzi wa asubuhi

Upepo, taa, indiketa, cheni. Cheni iwe na mchezo wa sentimita 2 hadi 3 katikati. Ikilegea zaidi inaweza kuchomoka na kufunga gurudumu ukiwa mwendoni. Dakika tatu zinatosha.

Hatua ya 3: Breki

Hapa kaa na mimi.

Ukishika breki, uzito wako na wa chombo unahamia mbele. Tazama shokapu za mbele zinavyozama. Tairi la mbele linagandamizwa chini, la nyuma linabaki jepesi, na tairi jepesi halishiki lami. Ndiyo maana la nyuma hujifunga upesi na kuteleza. Nguvu kubwa ya kukusimamisha iko mbele.

Kabla ya mazoezi, kagua breki yenyewe. Mkono wa breki uanze kushika kabla haujafika nusu ya safari yake. Ukigusa mpini, kaza waya. Kwa breki za ngoma, pikipiki nyingi zina mshale kwenye kitovu unaoonyesha breki shuu, yaani vipande vinavyosugua ndani ya ngoma, zimebaki kiasi gani. Ukipita mwisho, usikaze tena, badilisha. Mimi mwenyewe nikinunua chombo nachagua chenye diski mbele, hata kama bei imepanda, kwa sababu vidole vinahisi vizuri zaidi na maji hayaisumbui sana.

Tafuta lami kavu, nyoofu, isiyo na magari. Sisi tulikwenda maegesho ya ukumbi wa sherehe Jumapili alfajiri, kwa ruhusa ya mlinzi. Weka matofali mawili, moja kila upande wa njia yako. Njoo na gia ya pili, kilomita 20 kwa saa. Ukifika usawa wa matofali achia mafuta, anza kukamua ya mbele na kugusa ya nyuma kwa pamoja.

Neno ni kukamua. Fikiria unakamua ndimu: vidole vinaanza polepole, kisha vinazidisha nguvu. Mkamuo wa kwanza unazamisha shokapu. Zikishazama, tairi limekwisha kugandamizwa, sasa kaza kweli kweli. Mpwa wangu mwanzoni aliudaka mkono wa breki kwa mara moja, na hapo ndipo tairi la mbele hujifunga kabla uzito haujalifikia. Hilo ndilo linalopindua watu.

Macho yaangalie mbali. Ukitazama tairi lako, utaangukia hapo hapo. Klachi ishike mwishoni kabisa, injini ikusaidie kupunguza.

Tulirudia mara 30 hivi, kisha tukapanda kilomita 30 kwa saa. Siku ya kwanza alisimama hatua 17 baada ya matofali. Jumapili ya tatu, hatua 9. Usikimbilie mwendo mkubwa: ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama tangu ushike breki unakuwa kama mara nne.

Sasa tahadhari, na kila moja ina mtu niliyemwona akiumia:

Tairi la mbele likianza kuteleza, achia papo hapo, ukamue upya. La nyuma likijifunga na chombo bado kimenyooka, legeza mguu. Lakini kama mkia umeshapinda, endelea kulikanyaga hadi usimame. Ukiachia ghafla litashika lami na kukurusha upande wa pili, na kurushwa ni kubaya kuliko kulala.

Kwenye kona usishike kwa nguvu. Maliza kupunguza kabla hujalaza chombo.

Mchanga, kokoto na matope: ya mbele kwa wepesi sana, tegemea gia na ya nyuma, na anza mapema.

Mvua: dakika za mwanzo ndizo mbaya, mafuta na vumbi vya lami vinapoinuka. Rangi ya kivuko cha pundamilia huteleza kama sabuni.

Ukiwa na abiria, tairi la nyuma limebeba uzito zaidi, basi breki ya nyuma inafanya kazi zaidi, na umbali wa kusimama unaongezeka. Jifunze na mtu mzima nyuma yako. Mimi ndiye niliyepanda, kila mmoja na kofia yake kichwani, na mara ya kwanza kifua changu kilimsukuma akakaribia kuinamia tangi. Akajifunza kubana tangi kwa magoti.

Hatua ya 4: Nafasi

Kwa kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mwisho ndani ya makazi, unakula takriban mita 14 kila sekunde, na sekunde hiyo ya kwanza vidole bado havijafika kwenye breki. Gari la mbele likipita nguzo, hesabu moja, mbili, polepole. Ukifika nguzoni kabla ya mbili, umekaribia mno.

Daladala ikisimama kituoni usipite kushoto kwake, kuna mtu anashuka. Lori: usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, yeye pia hakuoni.

Hatua ya 5: Abiria

Mmoja, mwenye kofia. Mshikaki, yaani abiria wawili au zaidi, sipakii hata jioni ya hesabu mbaya.

Hatua ya 6: Ukikuta mwenzako ameanguka

Kwanza zuia magari: egesha chombo nyuma yake, washa indiketa, mtume mtu arudi nyuma kupunga. Piga 112. Kama anapumua, usimvue kofia wala usimvute mikono kumkalisha, shingo inaweza kuwa imeumia. Akitapika au akiacha kupumua ndipo kofia itoke: mmoja ashike kichwa na shingo visiyumbe, mwingine aivute taratibu. Damu inayotoka kwa kasi, gandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Mimi nabeba kipande cha khanga kilichofuliwa, ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya siti.