Kabla hujaenda kwenye zile sehemu za ajabu duniani, jiulize kwanza kwa nini pako vile

Unaona picha ya mtu kasimama katikati ya mbingu, juu mawingu chini mawingu, unaambiwa ni Salar de Uyuni kule Bolivia, na papo hapo unaanza kutafuta tiketi. Subiri kwanza. Sehemu ya ajabu ina kitu kilichoifanya iwe ya ajabu, iwe chumvi, gesi au giza, na mara nyingi kitu hichohicho ndo kitakachokusumbua ukifika, kwahiyo mi nashauri ukijue hicho kabla hujagusa begi.

Chukua hiyo Uyuni. Ni uwanda wa chumvi wa zaidi ya kilomita za mraba 10,000, uko mita 3,650 hivi juu ya usawa wa bahari. Ile hali ya kioo haipo mwaka mzima, inakuja na mvua, kama Januari mpaka Machi, maji yakituama sentimita chache tu juu ya chumvi. Ukienda Julai utakuta chumvi kavu imejichora pembe pembe kama sega la nyuki, nzuri sana aisee, ila sio picha uliyoifuata, na usiku baridi inashuka chini kabisa ya sifuri. Kwahiyo amua unataka kuona nini ndo uchague mwezi. Halafu jua: chumvi inarudisha mwanga kutoka chini, kofia haikusaidii huko, watu wanaungua chini ya kidevu mpaka kwenye matundu ya pua, paka losheni ya kuzuia jua huko kote na miwani ya jua usiiache. Vaa mabuti ya mpira maana maji yale yakikauka kwenye kiatu cha ngozi yanaacha ukoko mweupe na ngozi inakakamaa. Na mwinuko wenyewe sio wa mchezo, kichwa kinagonga, unapanda ngazi chache unahema, usingizi hauji. Panda taratibu, lala siku kadhaa sehemu ya chini zaidi, pombe iache kwanza, na ukiona mwenzako anachanganyikiwa au anahema hata akiwa amekaa tu, mshusheni haraka, msisubiri mpaka asubuhi.

Kawah Ijen, volkano iliyoko kisiwa cha Java huko Indonesia, watu wanafuata moto wa bluu. Ule ni gesi ya salfa, inatoka kwenye nyufa ikiwa na joto kali inakutana na hewa inawaka, na unaonekana gizani tu, ndo maana watu wanapanda usiku wa manane. Beba tochi ya kuvaa kichwani mikono ibaki huru, na jaketi. Lakini kikubwa ni barakoa ya gesi yenye filta, ile ya kitambaa pale haizuii kitu. Upepo ukigeuka moshi unakuvaa usoni, machozi yanatoka, unakohoa mpaka unainama. Mwenye pumu namwomba kabisa asishuke kwenye kreta, yaani lile shimo la volkano. Njiani utapishana na wachimbaji wamebeba vikapu vya salfa begani, mzigo wa kilo 70 na kuendelea, wapishe, wako kazini.

Makaburi ya chini ya ardhi Paris ni mepesi zaidi, ila ni ngazi 131 kushuka na 112 kupanda, joto nyuzi 14 hata nje kukiwa kiangazi, kwahiyo goti bovu au hofu ya sehemu finyu vifikirie kabla ya kulipa. Pasipoti, viza, bima inayolipia uokoaji wa milimani, hayo unayajua, yafanye mapema.

Kibali sasa, hapa wengi wanakwama. The Wave, yale mawe yenye mistari kama mawimbi mpakani mwa Arizona na Utah, wanaruhusiwa watu 64 tu kwa siku na wanapatikana kwa bahati nasibu, kwahiyo usikate tiketi ya ndege kabla hujashinda. Ukishinda, ni kama kilomita 10 kwenda na kurudi, hakuna maji na njia haijachorwa. Beba maji ya kutosha, pakua ramani kabisa kwenye simu, na kila ukitembea kidogo geuka upige picha ya ulikotoka, maana wakati wa kurudi mawe yaleyale yanaonekana mageni.