Kona ya Penalti Kwanza: Kuwaandaa Wasichana wa Malindi Kutazama Nations Cup ya Hoki

Mwalimu au mzazi wa Malindi anayetaka kuwakusanya wasichana ili watazame Nations Cup ya wanawake, mashindano ya mpira wa magongo yanayosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Hoki, FIH, kwa kawaida huanza kwa kutafuta skrini na bando. Ushauri wangu ni kwamba aanze na kamba na majivu, siku moja kabla ya mechi, kwa sababu msichana asiyeielewa kona ya penalti, yaani shambulio linaloanzishwa kwenye mstari wa mwisho, kando ya goli, baada ya kosa la wanaojilinda, ataona dakika 60 za watu wakikimbizana na hatajua bao limetoka wapi. Fainali ya kwanza ya mashindano haya, iliyochezwa Valencia, Uhispania, mwezi wa Desemba 2022, iliamuliwa hivyo hivyo: India iliifunga Uhispania 1–0, na bao hilo la pekee lilifungwa na Gurjit Kaur katika dakika ya 6, kwa kona ya penalti. Timu nane ziligombea nafasi moja tu ya kupanda Pro League, ambayo ndiyo daraja la juu, na nafasi hiyo India iliipata kwa pigo moja.

Chukua uwanja wowote wa shule ulio tambarare. Simamisha vigingi viwili vilivyoachana mita 3.66, upana wa goli la hoki, kisha funga kamba ya makumbi yenye urefu wa mita 14.63 kwenye kigingi cha kwanza, uivute hadi ikaze, na utembee nayo kutoka mstari wa mwisho ukimwaga majivu hadi ufike mbele ya kigingi hicho. Fanya vivyo hivyo kwa kigingi cha pili, kisha uunganishe mikono hiyo miwili kwa mstari ulionyooka mbele ya goli. Hilo ndilo duara, ingawa si duara kamili, na bao halihesabiwi mpaka mshambuliaji awe ameugusa mpira akiwa ndani yake. Wasichana wakishalizunguka kwa miguu yao wenyewe, hawatalisahau wakiliona kwenye skrini.

Sasa panga vifuu vitano nyuma ya mstari wa mwisho. Hao ni golikipa na mabeki wanne, kwa kuwa timu inayojilinda hairuhusiwi kubakiza zaidi ya watu watano pale, na wenzao waliosalia huondoka hadi ng'ambo ya mstari wa kati. Msichana mmoja asimame kwenye mstari wa mwisho, mita 10 kutoka kigingi cha karibu, na ausukume mpira nje ya duara. Wa pili autulize. Wa tatu apige. Mpira lazima utoke nje ya duara kwanza ndipo urudishwe golini. Waeleze pia kwamba pigo la kwanza, likiwa la kupunga gongo, halipaswi kuvuka mstari wa goli juu ya sentimita 46, lakini anayeuburuta mpira kwa gongo na kuurusha anaweza kuupandisha zaidi, mradi asimhatarishe mtu. Ndiyo maana mabeki huvaa barakoa kabla ya kona kupigwa, na ndiyo maana mimi husisitiza zoezi hili lifanywe kwa mpira laini.

Kuhusu saa, kuwa mwangalifu sana. Nilipoandaa kikao cha namna hii kwa mara ya kwanza niliandika ubaoni "8:00", nikimaanisha saa mbili usiku, na wasichana kadhaa wakafika saa nane mchana kwenye jua kali. Ilinisikitisha, na tangu siku hiyo huandika saa kwa maneno. Mwezi wa Desemba sisi tuko mbele ya Uhispania kwa saa mbili, kwa hiyo mechi iliyoandikwa 17:00 huanza hapa saa moja usiku, baada tu ya Magharibi, na kwa kuwa robo nne za dakika 15 pamoja na mapumziko huchukua takriban saa moja na nusu, panga mapema namna ya kusimamisha picha wakati wa Isha. Mashindano ya Februari 2025 yalikuwa Santiago, Chile, ambako mechi ya 19:00 ni saa saba usiku kwetu. Kwa saa kama hizo tafuta marudio ya siku inayofuata, wala usimtoe mtoto wa watu nyumbani usiku wa manane.

Kila msichana na achague timu. Afrika Kusini na Italia zote zilikuwa Valencia, na hapa Malindi, ambako watoto wengi hujua salamu za Kiitaliano, Italia haitakosa wafuasi.

Mwamuzi akiashiria kona, timu hupewa sekunde 40 za kujipanga. Zitumie: nyamazisha chumba, waambie wahesabu watu watano waliosimama nyuma ya mstari, na kila mmoja ataje kwa sauti nani anadhani atapiga, kabla mpira haujasukumwa.