Arusi Unguja ukitokea ughaibuni: uliza maji kwanza

Binamu yangu alitoka Leicester kwenda kuolewa Jambiani. Siku akaichagua kwa sababu mwezi ungekuwa mpevu, ngoma ya usiku ipate mwanga. Ndoa ikawekwa saa nne asubuhi, kabla jua halijawa kali, bahari iwe nyuma ya maharusi. Saa nne ilipofika, bahari ilikuwa imekupwa hadi karibu na mwamba. Katika picha zote nyuma yao kuna mchanga mtupu, vijiti vya mashamba ya mwani na kina mama waliokuwa kazini.

Mvuvi yeyote pale angetuambia, nasi hatukumuuliza. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji huwa bamvua: Unguja hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi na hujaa karibu saa kumi alasiri. Juma moja baadaye mambo hugeuka, saa kumi ndiyo ya kupwa. Basi tazama jadweli la maji kabla ya kulipa arbuni. Jambiani, Paje na Matemwe ufuko ni bapa na maji hurudi mbali; Nungwi na Kendwa, kaskazini, hayaendi mbali hivyo.

Machi hadi Mei ni masika, na bei za hoteli zikishuka usivutike. Juni hadi Septemba ni kukavu, ingawa kusi huvuma na mashariki shela haitulii kichwani. Hesabu na Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka; 2027 itaangukia Februari na mwanzo wa Machi.

Lakini mimi ningeanza na watu kabla ya ufuko. Una shangazi Ng'ambo, hapo mjini Unguja? Una rafiki wa mama Makunduchi? Nenda walipo. Hoteli itakupa hema, viti na keki. Haitakupa somo, yaani kungwi, wa kukaa na bibi arusi ndani, kumsugua singo ya manukato, kumpaka hina na kumwambia yale yasiyosemwa mbele za watu. Kikuba, kile kishada cha maua cha asumini, rehani na vilua hufungwa na mikono inayokijua, na maua yanatakiwa mabichi siku ile ile. Beni, ngoma ya matarumbeta ya kumsindikiza bwana arusi, hupatikana kwa kuulizia mitaani, na kidumbaki, ile taarabu ndogo, vilevile. Kwa binamu yangu, usiku wa hina kwa shangazi yake ndio wageni kutoka Uingereza wanaousimulia hadi leo.

Vijiji hivi ni vya Waislamu na watu wanaishi humo. Mwoneni mapema sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, mumweleze muziki utapigwa wapi na hadi saa ngapi, na waambieni wageni wavae nguo za stara wakitoka ufukweni.

Kama mnataka ndoa ya kiserikali Bara, sheria ya 1971 inadai taarifa siku 21 kabla, na likizo ya wengi haifiki hapo. Zanzibar ina utaratibu wake, uulizeni huko huko. Wengi husajili ndoa wanakoishi, kisha huja nyumbani kwa sherehe.

Na mfikirieni bibi. Kutoka Dar boti ni kama saa mbili, kisha kuna zaidi ya saa moja barabarani. Mleteni siku mbili kabla, alale mjini kwa ndugu, apumzishe miguu.