Somo: Kuondoa vizuizi vya watumiaji kwenye seva ya Windows inayotumiwa na wengi

Wadau, habari za kazi. Mtumiaji wa Remote Desktop haoni diski C, hana Run, Task Manager inamkatalia. Wengi wetu hukimbilia rejistri (hifadhidata ya mipangilio ya Windows) na kufuta vizuizi kimoja kimoja, na kesho yake vimerudi. Kizuizi huondolewa pale kilipowekwa, kwa hiyo tuanze kwa kutafuta chanzo.

Hatua ya 1. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi, andika:

gpresult /user juma /h C:\ripoti.html

Badala ya juma weka jina la mtumiaji; lazima awe ameshawahi kuingia kwenye seva hiyo. Kwenye ripoti tafuta kizuizi, kisha soma safu ya Winning GPO, yaani sera ya kikundi (Group Policy Object) iliyoweka kizuizi hicho. Shughulika na sera hiyo tu.

Hatua ya 2. Ifungue kwenye Group Policy Management, rudisha kipengele kuwa Not Configured. Usichague Disabled ukidhani ni kitu kilekile: hiyo ni amri kamili, nayo itazipiku sera za ngazi ya juu.

Angalia pia loopback (mpangilio unaofanya sera za mtumiaji zitokane na mahali ilipo kompyuta), maana ndipo watu wanapopotezea siku nzima. Seva za aina hii mara nyingi huwashiwa loopback ili mtumiaji afuate sera za OU (Organizational Unit, kundi la akaunti au kompyuta ndani ya domain) ya seva badala ya zake. Ikiwa ni Replace, sera za OU yake hazisomwi kabisa. Ikiwa ni Merge, zinasomwa zote, ila zikigongana ya seva inashinda. Ndiyo maana unaweza kuhariri OU ya mtumiaji mpaka uchoke na kisibadilike kitu.

Hatua ya 3. Endesha gpupdate /force, kisha mtumiaji afanye Sign out. Kufunga dirisha kwa X hakutoshi, kikao kinabaki hai. Andika quser uone namba yake, mwambie ahifadhi kazi, halafu logoff ikifuatiwa na namba hiyo.

Hatua ya 4. Kikibaki, huenda kiliandikwa kwenye rejistri kwa mkono au kwa skripti. Mtumiaji akiwa ameingia, fungua regedit, tafuta SID yake (namba ya utambulisho wa akaunti) chini ya HKEY_USERS, kisha Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\Explorer. Humo, thamani iitwayo NoDrives huficha diski, kila diski ikiwa na namba yake: yenye 12 inaficha C (4) na D (8). Hifadhi nakala ya ufunguo kwanza, ndipo ufute.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, seva yetu haina domain (mtandao wenye akaunti na sera za pamoja). Hizo sera nazipata wapi?
Jibu: Fungua mmc, ongeza Group Policy Object Editor, bonyeza Browse, nenda Users, chagua Non-Administrators. Mara nyingi vizuizi vimewekwa hapo.

Swali: Nataka kumfungulia mhasibu peke yake, wengine wabaki walivyo.
Jibu: Mweke kwenye kikundi, kisha kwenye Delegation ya sera hiyo kipe kikundi Deny kwenye Apply group policy. Usiwaondolee Authenticated Users haki ya Read. Tangu sasisho la MS16-072 la Juni 2016, sera za mtumiaji husomwa kwa akaunti ya kompyuta. Read ikikosekana, sera haimfikii mtu yeyote.

Swali: Nikiondoa NoDrives, mafaili ya C si yatakuwa hatarini?
Jibu: NoDrives inaficha ikoni tu, ndugu yangu. Anayeijua njia ya faili anaweza kulifungua hata sasa kupitia programu nyingine. Kinacholinda mafaili ni ruhusa za NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows), kwa hiyo zikague kabla hujagusa sera yoyote.